Sweta la Shibiri Tatu

Kufuma nilijifunza kwa hasira. Wenzangu walianza kwa kupenda, au kwa sababu kochi jipya linataka vitambaa, lakini mimi nilianza kwa sababu mwanangu aliniita Dada.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 nilipangiwa kufundisha Kibondo. Kwetu ni Lushoto, na kutoka Lushoto mpaka Kibondo ni siku tatu za mabasi, siku ya mwisho yote ni vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na baba yake alikuwa ameshaenda zake. Mama yangu akaniambia nitangulie, nikapate chumba, nijue maji yanachotwa wapi na mtoto akiugua anapelekwa wapi, kisha nije kumchukua. Nikamwachia. Nilidhani ni suala la miezi mitatu.

Niliporudi likizo ya Desemba, mtoto alikuwa amesimama mlangoni ameshika kanga ya mama yangu. Wadogo zangu walitoka kupokea mizigo huku wakisema, "Dada amekuja, Dada amekuja." Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuongea. Akaniangalia, akasema, "Dada." Kisha akamgeukia bibi yake, akamwambia, "Mama, Dada."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikaenda uani kama mtu anayefuata kuni, nikakaa huko mpaka macho yakakauka. Kwetu hili ni jambo la kawaida. Mtoto anayelelewa na bibi humwita bibi Mama, na aliyemzaa humwita vile anavyosikia wengine wakimwita. Nimewaona wengi wa hivyo, na nilikuwa nawatania. Likikupata wewe utani unakwisha.

Mwaka huo sikuweza kuondoka naye, maana nilikuwa nachangia chumba kimoja na mwalimu mwenzangu. Nikarudi Kibondo peke yangu. Nilimkumbuka mtoto yule mpaka mwili ukawa unaniuma, na hilo silisemi kwa kupamba. Nikiwa darasani mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kiunoni, mahali ambapo mtu hupachika mtoto, unakuta hakuna kitu.

Mwaka 2013 nikapata chumba changu kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kiha, mtu mzima, mrefu, ambaye hakuwahi kunisalimia bila kunichokoza. Asubuhi ni "Mwakeye, mwalimu," halafu anauliza kama uji nimeunguza tena. Kila Jumamosi mchana wanawake watano au sita walikuja barazani kwake kufuma. Muuguzi mmoja alikuwa bingwa wa kroshia, anafuma vitambaa vya makochi vyenye maua huku anaongea na wala haangalii mikono. Mama mmoja alitembea kutoka Kitahana na kofia za watoto ndani ya kapu. Mke wa mwenye duka alikuwa na skafu moja tu, ameianza tangu mwaka uliopita, inapanuka na kusinyaa kama njia ya ng'ombe, na hakuona haya hata kidogo. Nilimpenda kwa hilo.

"Na wewe mwalimu unataka kufuma nini?" mama mwenye nyumba aliniuliza siku ya kwanza.

"Sweta la mtoto."

"Anza na kitambaa cha kushikia sufuria."

"Nataka sweta."

Akaniangalia, kisha akaingia ndani akatoka na spoku mbili za baiskeli zilizosuguliwa kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini. Hizo ndizo zilikuwa sindano zangu za kwanza. Lakini sweta hakuniruhusu. Nilifuma kitambaa cha sufuria, nikakifumua, nikafuma tena, nikakifumua. Vitanzi viliniponyoka, nilianza na ishirini nikajikuta na ishirini na sita bila kujua hivyo sita vimetoka wapi. Nilivitupa chini mara mbili, na mara zote mbili yeye aliviokota, akavirudisha mapajani kwangu.

Uzi mpya ulikuwa wa shida, kwa hiyo tulifumua mitumba. Siku ya gulio tulichagua masweta makubwa ya wanaume, yale yenye doa au tundu ambayo hakuna anayeyataka. Nilileta langu la kwanza nikijisifu, la rangi ya njano nzuri kabisa. Nilipoanza kulifumua likatoka vipande vifupi vifupi kama tambi. Mama mwenye nyumba akaligeuza ndani nje, akanionyesha pembeni: lilikatwa kwa mkasi likashonwa kwa cherehani, kwa hiyo kila mstari ulikuwa umekatika. La kufaa ni lile lililofumwa vipande likaunganishwa kwa uzi. Unakata ule uzi wa kuunganishia tu, unatafuta mwisho, unavuta, na sweta zima linakuja kwa uzi mmoja. Tunauzungushia mgongo wa kiti, tunaufua, tunauanika na chupa ya maji ikining'inia chini ili mikunjo inyooke. Nilipata jekundu moja la namna hiyo, jekundu la kuiva. Nikajua hilo ndilo la mwanangu.

Mwezi wa Julai, mkono wangu ulipokuwa umeshatulia, nilipiga simu nyumbani. Mtandao pale ulikuwa unapatikana vizuri juu ya kichuguu nyuma ya shule, kwa hiyo nilisimama juu ya kichuguu na daftari.

"Mama, nipimie mtoto. Kifua, mgongo na mikono."

"Nimpime na nini? Futi ameifanya kamba ya kumfungia mdoli, sijui iko wapi."

"Basi mpime kwa chochote."

Nikamsikia akimwita, akimgeuza, akimwambia atulie. Nikamsikia mtoto akicheka, nikabana simu kwenye sikio mpaka likauma.

"Andika," mama akasema. "Kifua kukizunguka, shibiri tatu na kidogo. Mgongo, shibiri mbili. Mkono, moja na nusu."

Nikaandika. Nilirudi nyumbani nikatandaza mkono wangu juu ya mkeka, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, nikahesabu, nikaanza kufuma. Nilifuma kila siku nikitoka shule. Sindano za kweli nilizifuata Kasulu, pamoja na vifungo, kwenye duka la mzee mmoja ambaye watu wake walitoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa kama cha Tanga. Alinikaribisha, "Karibu mwanangu," na nikachagua vifungo vitano vyeupe kwa muda wa saa nzima ili nimsikie tu akiongea na wateja.

Nilikuwa na mpango, na sikumwambia mtu. Nitafika Desemba, nitamvalisha sweta, litamkaa, atajua kuna mtu mbali anayeujua mwili wake, na tutaondoka wote. Ndivyo nilivyopanga, mtu mzima mwenye cheti cha ualimu.

Nilipomvalisha, lilimfika magotini. Mikono ilimpita vidole ikaning'inia. Kifuani pangeweza kuingia mtoto mwingine. Wadogo zangu walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Mwanangu alijaribu kutembea, akakanyaga, akaanguka, akalia, akalivua kwa kulivutia kichwani, akakimbilia kwa mama yangu.

"Hataki sweta la Dada," akamwambia, akijisema yeye mwenyewe.

Mama akamfuta machozi. Mimi nikamwuliza kama naweza kuondoka naye hivyo hivyo, na mama akanijibu taratibu kwamba mtoto hajanizoea, nimpe mwaka mmoja. Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo nisingependa kuyarudia. Lakini kulipokucha mtoto aliposogea pembeni nilipotaka kumnawisha uso, nikajua mama alikuwa anasema kweli. Nikaliacha sweta juu ya kiti, nikapanda basi.

Jumamosi ya kwanza barazani nilisimulia yote. Niliwaambia nilifuata vipimo vyote, sikukosea hata kitanzi.

"Mama yako alipima kwa nini?" akauliza mama mwenye nyumba.

"Kwa shibiri."

"Shibiri ya nani?"

Nikautazama mkono wangu. Mama yangu ni mfupi, mkono wake ni kama wa mtoto wa darasa la tano. Mimi nimefuata urefu wa baba. Muuguzi alianza kucheka kwanza, kisha wa Kitahana, na mke wa mwenye duka akasema sasa hata skafu yake ina nafuu. Mama mwenye nyumba akauchukua mkono wangu akautandaza mbele ya wote, akauliza, "Huu nao unaitwa mkono au koleo?" Nikacheka nikiwa nalia. Yeye aliona, akaushikilia ule mkono kwa muda mrefu kuliko utani ulivyohitaji.

Mwaka 2014 ulipita hivyo. Nilifuma kofia, nikafuma soksi, nikamfumia mama mwenye nyumba kizibao. Cha mtoto sikugusa, niliogopa.

Desemba nilipofika Lushoto, alikuwa anacheza nje na ukungu umeshuka mpaka chini. Alikuwa amevaa sweta jekundu. Mikono ilikuwa imekunjwa mara moja tu, viwiko vimechakaa, kifungo kimoja kimebadilishwa kikawekwa cha bluu. Mama aliniambia amelivaa mwaka mzima, kwanza likiwa limekunjwa mara tatu na kufungwa kamba kiunoni, na kwamba akikosa kulivaa halali. Mtoto akanitazama, akasema, "Dada, hili ni lako," akimaanisha nililifuma mimi. Mwezi wa Januari tukaondoka wote. Mama alitusindikiza mpaka stendi, akampa parachichi mbili, akageuka mapema. Alikuwa hapendi nimwone uso.

Nilidhani kumpata ndiyo mwisho wa kazi. Siku za kwanza Kibondo hakulia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikula, alioga, alijibu alipoulizwa. Njiani kwenda shule nilimpa mkono, akaushika hatua tatu, akauchomoa, akatangulia. Kila siku hatua tatu. Watoto wa jirani walipomwuliza mama yake ni nani, aliwaambia, "Mama yangu yuko Lushoto." Nilikuwa dirishani. Mke wa mwenye duka naye alisikia, akasema, "Mwalimu, mtoto amekuruka mchana kweupe," na mama mwenye nyumba akamkata jicho mpaka akarudia skafu yake.

Jumamosi alikaa nasi barazani. Tulimpa kazi ya kukunja uzi uwe donge, na alikuwa mwangalifu, donge lake halikulegea. Jumamosi moja tulikuwa tunafumua sweta kubwa la bluu, zuri, uzi unakuja bila kukatika, yeye anakunja.

"Dada, huu uzi wa nani?"

"Bado haujapata mwenyewe."

Akaendelea kukunja. Kisha akasema, "Mfumie Mama. Kule kuna baridi, na mimi sipo."

Niliona wivu, nakiri, nilimwonea wivu mama yangu mzazi. Nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Sina vipimo vyake."

"Mimi ninavyo."

Akaweka donge chini. Akapiga magoti kwenye mkeka, akatandaza kiganja chake, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, akakisogeza, akatandaza tena. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Mgongo wa Mama unaishia hapa," akasema. "Nilikuwa nauhesabu tukilala. Yeye akinipima, na mimi nampima."

Mkono bado ulikuwa pale kwenye mkeka, kwenye ile ya nne, kana kwamba akiuondoa mgongo utapotea. Miaka mitatu nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu nikidhani ni mimi peke yangu ninayekumbuka mwili wa mtu kwa vidole. Mtoto wangu alikuwa na hamu kama yangu, ya ukubwa ule ule, na mimi ndiye niliyemtia hamu hiyo kwa kumtoa kule.

"Mwalimu," mama mwenye nyumba akasema polepole, na safari hii hakuwa anachokoza, "shibiri ya nani hiyo?"

"Ya mwanangu."

Nikavuta uzi wa bluu, nikamwomba mwanangu mkono. Nikautandaza juu ya uzi, nikafunga fundo moja penye kidole gumba na jingine penye kidole cha mwisho. Mkono wake ulikuwa wa moto na una vumbi la sufu. Fundo la pili lilikuwa limeshakazwa na mimi sijauachia, na yeye hakuuchomoa.

"Dada, umeshapima?"

"Bado," nikamwambia. "Tulia kidogo, nisije nikakosea tena."

Akasogea karibu, akaniachia mkono.