Shemeji Sarangapani Hamwiti Mtu

Shemeji yangu Sarangapani ana duka la vyombo vya shaba hapa Kumbakonam, kusini mwa India, na maisha yake yote hajawahi kumwita mteja aliyeondoka. Mnawajua wateja wetu: mtu anauliza bei ya sufuria, anasonya, anatoka taratibu huku sikio kaliacha dukani. Wenye maduka jirani humkimbilia, "Mama, njoo tuelewane!" Shemeji hupangusa vumbi tu. Kwake neno likishatoka limetoka. Dada yangu, aliyeolewa naye, aliacha kubishana naye zamani.

Basi mtu huyo ndiye akawa baba wa bibi harusi.

Asubuhi ya harusi ya Vedavalli, binti yake wa pekee, bwana harusi Mukundan, karani mpole wa benki, alivaa kandambili, akashika fimbo na mwavuli, akatangaza kwamba ndoa haitaki, anakwenda mji mtakatifu wa Kashi kuwa mtawa. Kila bwana harusi kwetu hutangaza hivyo. Baba wa binti humfuata, humsihi arudi, humwahidi kumpa binti yake, watu wakacheka, tukaendelea.

Mukundan akatoka. Shemeji akabaki ameketi.

"Shemeji, bwana harusi anaondoka," nikamwambia.

"Namwona."

"Si umwite!"

"Kasema anakwenda Kashi. Nani kamfukuza?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Wakwe nao wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mukundan akawapita wapiga zumari, akafika langoni, akageuka kidogo. Angefanyaje, maskini? Bwana harusi akijirudisha mwenyewe atachekwa mpaka na wajukuu. Akavuka barabara.

"Mtawa, kahawa ya safari?" muuza kahawa akamwuliza.

Kuhani akaanza kuhangaika. "Jamani, saa njema inapita! Na mwezi unaoingia kesho hatufungi ndoa!"

"Kaka, kamwite wewe!" dada akanibana.

"Kazi ya mjomba ni kumbeba binti begani wakati wa kuvishana mashada. Kuita ni kazi ya baba," nikajibu, halafu hasira zikanipanda. "We shemeji! Kiburi chako cha masufuria kitamzeesha mtoto nyumbani! Sema maneno mawili, ni mchezo tu!"

"Mchezo?" Akaniinulia macho, mekundu. "Nitasema, 'Njoo umchukue mwanangu.' Nikishasema, nimesema. Nitayarudishaje?"

Nikanywea. Mimi nina watoto wa kiume watupu. Mtu wa kunichukulia mtoto sijawahi kumwita. Moyo uliniuma kwa yale niliyomtupia.

Ndipo Vedavalli akatoka chumbani na maua yake yote kichwani.

"Baba, jua linamchoma mwenzangu."

"Ana mwavuli."

"Baba!" Akapiga magoti mbele yake. "Nampenda. Mwite."

Shemeji akamshika mkono, akamsimamisha. Kisha akainuka, akakunja shuka lake kiunoni, akatoka mbio peku.

"Wee mtawa!" Sauti ile ilitikisa soko zima. Wenye maduka wakatoka nje kuhakikisha ni yeye. "Rudi! Rudi, mwanangu! Nyumba ni yako, na binti... binti nakupa! Njoo umchukue!"

Mukundan aligeuka upesi hata mwavuli ukapinduka. "Nakuja, baba! Nakuja!"

Saa njema tukaiwahi mkiani. Nilimbeba mpwa wangu begani, mgongo unaniambia hadi leo. Kisha, kama desturi yetu ilivyo, Vedavalli akaketi mapajani mwa baba yake, na Mukundan akamfunga uzi wa ndoa shingoni. Ngoma zikalia, mchele ukamwagwa vichwani.

"Haya, bibi harusi ainuke," kuhani akasema, "wakatembee hatua saba mbele ya moto, wawe marafiki wa maisha."

Vedavalli hakuinuka. Nikachungulia: mikono ya shemeji ilikuwa bado imemzunguka.

"Shemeji," nikamnong'oneza, "si umeshamtoa?"

"Neno nimetoa," akasema. "Mikono bado."

Na kuhani, pamoja na haraka zake zote, akajitia anachochea moto.