Pikapu ya Chilangala iliyogoma kupanda Newala: valve tatu zimefungwa, na dereva keshaitwa mwizi

Wakuu, kwema huko mliko?

Mimi ni msomaji wa humu miaka mingi, nacheka na nyuzi za wenzangu kimya kimya. Leo zamu yangu. Ninachoandika nimekishika kwa mikono hii, sijasimuliwa na mtu, na pale nilipochemsha nitasema nimechemsha. Majina tu nimebadilisha, maana Masasi na Newala tunajuana wote.

Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Masasi mjini. Ni mwanamke. Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "mwanamke na umeme wa gari wapi na wapi". Andika tu ndugu yangu, ukimaliza soma.

Twende.

Ilikuwa ule msimu mikorosho inaanza kutoa maua na kila mtu kule juu Newala anahangaika na salfa. Kwa wasiojua, salfa ni dawa ya unga, ya njano, tunapuliza kwenye mikorosho ili maua yasiharibiwe na ukungu. Inapulizwa kwa bloa, mashine yenye injini ndogo unayoibeba mgongoni. Ukichelewa, maua yamekauka, na korosho za mwaka huo utazisikia kwa jirani.

Asubuhi moja ikaingia gereji pikapu ya dizeli, double cabin, imetoka Chilangala, kijiji cha huko Newala. Dereva mtu mzima, mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Tumwite Baba Sijaona.

Nikamwamkia, akaitikia, nikamuuliza gari ina nini.

Akasema tambarare inakwenda vizuri kabisa. Lakini ikianza kupanda mlima wa Newala na mzigo, katikati ya mlima taa ya check engine inawaka, nguvu zinaisha, moshi mweusi, anabaki na gia namba moja anatambaa mpaka juu. Na inakunywa dizeli kama haina akili. Fundi wa Newala alikuwa ameshabadilisha valve ya EGR, kaweka used. Wapi.

Kwa wasio mafundi: EGR ni kijimlango kinachorudisha moshi kidogo ndani ya injini. Juu yake kuna sensor inayoiambia control box, yaani kompyuta ya gari, "mlango umefungwa" au "mlango umefunguka kiasi hiki". Sensor ikidanganya, control box inaingia woga na kukata nguvu ili injini isife. Ndiyo hiyo limp mode mnayoisikia.

Nikaanza kutafuta scanner, kifaa cha kusoma makosa ya gari. Baba Sijaona akabaki amesimama pembeni, haondoki.

"Mama Shani," akaniambia, "mimi naomba uipate kweli. Mwenye gari anasema dizeli naiuza."

Nikaacha kazi nikamsikiliza.

Mwenye gari ni Mama Fadhila. Anasomba salfa kutoka ghala la kijiji kwenda mashambani, na anakodisha bloa. Baba Sijaona amemwendeshea miaka kumi na mbili. Wiki ile Mama Fadhila alikuwa amemsimamisha mbele ya foleni ya watu waliokuja kuchukua salfa, akamuuliza kwa sauti dizeli yangu unampelekea nani. Mbele za watu, wakuu! Mtu ana wajukuu! Wengine walicheka.

"Kazi nitapata nyingine," akasema. "Lakini nikihama Chilangala nitakwenda wapi?"

Nilimwonea huruma mpaka nikataka kulia. Nikajisemea hii naimaliza leo leo.

Nikachomeka scanner. Code, yaani namba ya kosa, ikaja ya EGR position sensor, ile sensor ya kijimlango. Nikachomoa connector, kile kichwa cha waya kinachochomekwa kwenye valve, nikachukua mita. Waya tatu: mmoja unaleta volti tano, mmoja earth, yaani hasi, mmoja wa kurudisha taarifa. Volti tano ipo. Earth ipo. Wiring safi.

Basi mimi mjuaji nikatoa hukumu pale pale: wiring nzima, ile valve used ya Newala ni mbovu. Nikatafuta valve nyingine, nikafunga, nikafuta code, taa ikazima. Tukaizungusha mjini Masasi mara mbili, inakimbia inaimba.

Nikampigia Mama Fadhila mwenyewe. Nikasema kwa mdomo wangu, "Mama, gari nzima kabisa, haina shida tena."

Hayo maneno yawekeni pembeni, maana yalikuja kunichoma.

Siku ya tatu simu ikalia. Mama Fadhila. Hata salamu yangu hakuipokea vizuri.

"Fundi, si ulisema gari nzima?"

"Ndiyo mama."

"Basi jana imetambaa mlima mzima na dizeli imekata. Kama gari nzima, dizeli inakwenda wapi? Alhamisi nakuja naye. Anakabidhi ufunguo mbele yako, na wewe ndiye shahidi wangu."

Wakuu, nilikaa chini kwenye tairi.

Yaani mimi niliyeapa kumsafisha yule baba, ndiyo nimemfunga kamba. Mwanzo Mama Fadhila alikuwa anahisi tu. Sasa ana neno la fundi. Usiku ule ugali haukupita, na mume wangu alipouliza nina nini nikamjibu vibaya, masikini, hana kosa.

Alhamisi wakafika mapema. Mama Fadhila kakaa mbele, mkoba kaupakata, mdomo kaubana. Baba Sijaona alizima injini, akachomoa ufunguo, akaushika mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tumalize, watu wananisubiri na salfa."

Nikamwambia mama, kabla hajakabidhi nipe saa mbili. Nilikosea kusema gari nzima kabla haijapanda mlima. Nikishindwa, gharama zako zote juu yangu, na ushahidi unaotaka nitautoa.

Akaniangalia juu mpaka chini. "Saa mbili," akasema, akavuta kiti.

Sasa hapa ndipo penye kazi, mafundi someni taratibu.

Nikachomeka scanner tena: valve ya tatu hii, na code ni ile ile. Haiwezekani valve tatu zikafa ugonjwa mmoja. Kuna kitu hakijabadilishwa tangu mwanzo. Na mara ya kwanza nilipima connector ikiwa imechomolewa. Sasa connector iliyochomolewa inakuambia nini kuhusu jinsi pini zinavyogusana? Hakuna! Nilipima waya, sikupima mguso.

Nikamwambia Baba Sijaona awashe, injini ipate moto kama ya mlimani. Nikachukua pini mbili za kushonea, nikazipenyeza nyuma ya connector ikiwa imechomekwa mahali pake mpaka zikagusa pini za valve, mita nikaitega hapo.

Mlango umefungwa, taarifa inatakiwa iwe chini ya volti moja. Inasoma moja nukta sita!

Nikahamia earth. Earth inatakiwa isome karibu na sifuri. Inasoma nukta saba!

Nikatikisa connector kwa kidole kimoja tu. Namba zikaruka juu na chini.

Nikapiga yowe. Kwa kweli nilipiga yowe, jirani yangu anayeuza vyombo alitoka nje. Sensor ilikuwa haidanganyi hata kidogo. Earth yake ndiyo ilikuwa haishiki vizuri, kwa hiyo kila taarifa ilikuwa inapanda, control box ikidhani mlango umebaki wazi, inakata nguvu, gari inatambaa na gia ya kwanza na dizeli inaungua bure. Tambarare pini zinagusana gusana. Mlimani kuna joto na mtikisiko, zinaachia. Ndiyo maana Masasi mjini iliimba na Newala ikalia.

Nikazima, nikachomoa, nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Pini ya earth imeota ukoko wa kijani, na pembeni yake umejaa unga wa njano.

Nikakwangua kidogo nikanusa.

Salfa.

Nikaguna. Pikapu inabeba salfa nyuma, sawa. Lakini imeingiaje mbele, ndani ya connector, chini ya boneti?

Nikamuuliza Baba Sijaona. Akainamisha kichwa, hajibu. Nikarudia. Kimya. Nikasema jamani, huyu baba anaficha nini tena?

Mama Fadhila ndiye aliyejibu kutoka kwenye kiti.

"Si tunaipuliza vumbi kwa bloa? Kila Ijumaa."

"Kwa bloa ya salfa, mama?"

"Ndiyo. Kwetu maji ya kuoshea injini utayatoa wapi? Ndoo yenyewe tunaitafuta. Bloa ina upepo mzuri, ukifungua boneti dakika moja injini inang'aa. Mimi ndiye niliyemwelekeza."

Nikaona kabisa linamwingia.

Maana bloa hata ukiimwaga vipi, unga haukosi kubaki ndani ya tangi. Kila Ijumaa walikuwa wanaipulizia injini salfa. Asubuhi ukungu wa kule juu unashuka, unga unalowa kwenye pini, pini zinaliwa. Baba Sijaona alijua nani katoa amri, na bado alikuwa hataki kumtaja bosi wake mbele ya fundi. Mtu aliyeitwa mwizi na huyo huyo bosi! Mimi ningemtaja na majina ya babu zake.

"Nnungu wangu," Mama Fadhila akasema polepole, kumwita Mungu kwa Kimakonde.

Nikakata ile connector upande wa waya, nikaweka nyingine nzima kutoka gari bovu, nikachomelea waya mmoja mmoja, nikavisha mpira, nikapaka grisi ya umeme. Upande wa valve nilikuwa najiandaa kusafisha pini, Baba Sijaona akaenda nyuma ya siti akarudi na kitambaa. Ndani yake valve ya kwanza kabisa, iliyokuja na gari. Hakuitupa.

Nikasema hiyo hiyo! Nikasafisha masizi, nikasugua pini kwa brashi na dawa ya kusafishia umeme, nikafunga ile ya zamani iliyohukumiwa kifo. Mita ikasoma nukta nane. Earth sifuri. Nikatikisa mpaka mkono ukachoka, namba haijasogea.

Lakini safari hii sikusema gari nzima. Nilikoma.

Nikasema, tunapanda Newala sasa hivi, na mzigo. Jirani mwingine, mwuza saruji, akatuazima mifuko, tukajaza nyuma. Mama Fadhila mbele, mimi siti ya nyuma na scanner mapajani, Baba Sijaona kwenye usukani.

Tukaanza kupanda. Kona ya kwanza, inavuta. Ya pili, gia namba tatu, inavuta. Tukafika pale ambapo huwa inafia, Baba Sijaona akakaza mikono mpaka mishipa ikatoka. Mimi macho kwenye scanner, nasoma namba kama nasoma dua.

Ikapita.

Ikapita wakuu! Gia ya tatu, moshi hakuna, taa hakuna, tukalipita lori moja tukaliachia vumbi. Nilipiga makofi juu ya siti, nikapiga vigelegele peke yangu. Baba Sijaona alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, anayafuta kwa mkono wa shati lake la pasi.

Tulipofika juu, Mama Fadhila akasema neno moja tu: "Ghalani."

Tukaenda Chilangala moja kwa moja. Foleni ya salfa ipo, ndefu. Akashuka, akamwita Baba Sijaona asimame karibu naye. Akasema kwa sauti:

"Jamani. Huyu nilimwita mwizi hapa. Hakuiba. Gari ilikuwa mbovu, na aliyeiharibu ni mimi na bloa yangu. Baba Sijaona, nisamehe."

Watu wakageuka wote kumtazama Baba Sijaona.

Baba Sijaona akavuta pumzi, akanyoosha kola. Akasema kwa upole ule ule:

"Nimekusamehe, mama. Ila rudia kidogo. Wale wa mwisho wa foleni hawajasikia."

Na Mama Fadhila akarudia. Kwa sauti kubwa zaidi, neno kwa neno.

Nami nilimwomba radhi yule baba kwa lile neno langu la simu. Akaniambia "yameisha, mwanangu", lakini mimi bado linaniuma ninapolikumbuka.

Nilichojifunza. Code inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. Ukiona position sensor, usikimbilie duka la used. Pima ikiwa imechomekwa, injini ina moto, na earth uipime kama vile huiamini. Wenye magari huko juu, bloa ni ya mikorosho, boneti iacheni. Na mafundi wenzangu, tuchunge midomo. Neno la fundi linaweza kumfukuzisha mtu kazi akiwa hana hatia.

Karibuni kwa maoni. Wajuaji wa mita nikosoeni, sina tatizo. Na kama kuna mwenye gari humu ambaye ana dereva anamhisi kwa sababu ya mafuta, kabla hujamsimamisha mbele za watu, niandikie kwanza hapa chini gari linafanyaje likipanda mlima.