Sanduku Lenye Shimo na Sanduku Lisilo na Shimo

Spika zilikuwa mbili, za inchi kumi, zilizong'olewa kwenye matatu iliyokuwa ikiuzwa vipande vipande pale Kondele. Spika bila sanduku haifai kitu. Ukiiwasha ikiwa uchi, sauti inayotoka mbele na inayotoka nyuma zinafutana, na ile besi uliyoitamani inakuwa mkwaruzo. Kwa hiyo swali lilikuwa sanduku. Lifungwe pande zote lisipitishe hewa, au liachiwe shimo lenye bomba? Nilikaa na swali hilo miezi minne. Muda wote huo baba yangu alikuwa ameketi mita mbili kutoka nilipo, na masikio yake yakimwisha.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi siku za wiki. Wikendi alipiga gitaa la besi katika bendi iliyozunguka hoteli za ufukweni, Kisumu hadi upande wa Bondo. Kwa miaka zaidi ya ishirini alisimama hatua moja mbele ya spika zenye kimo chake. Mwaka jana daktari alimpima, kisha akanionyesha karatasi yenye mstari unaoteremka kuelekea kulia kama barabara ya kilima cha Riat. Sauti nyembamba zilikuwa zimeshakwenda. Ndiyo maana maneno yetu yalimfikia kama yametafunwa. Sauti nzito bado alikuwa nazo.

"Lakini nazo zinaondoka," daktari alisema.

"Lini?"

"Siwezi kusema."

"Unakadiria vipi, basi?"

"Kijana, sikadirii."

Nilirudi nyumbani, nikatafuta kanda za zamani za bendi yake, nikazihamishia kwenye kompyuta. Zilipopigwa kupitia spika ya televisheni, gitaa lake halikuwemo kabisa. Kila mtu kwenye wimbo alisikika isipokuwa yeye. Hapo ndipo nilipoamua kumjengea sabufa mbili, ajisikie vizuri kabla mlango haujafungwa. Nilikuwa nimemaliza shahada ya fizikia, sina kazi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliamka asubuhi nikiwa na jambo la kufanya.

Seremala wa Kondele, ambaye alikuwa akitengeneza masanduku ya spika za magari tangu nikiwa shuleni, hakuona tatizo.

"Weka shimo."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini? Spika lazima ipumue."

"Spika haina mapafu, fundi."

"Omera, ndugu yangu, na wewe mapafu yako ni ya nini kama ni kuuliza maswali tu?" Mama mmoja aliyekuwa akiuza dagaa wa omena mkabala alicheka hadi akashika meza. "Magari yote hapa nimeweka shimo. Umeona gari moja imerudi?"

Nikamwambia gari kutorudi si ushahidi kwamba sauti ni nzuri. Pengine mwenyewe aliona aibu. Pengine aliliuza. Fundi aliweka randa chini, akanitazama.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Chuo. Bondo."

"Waambie wakurudishie karo."

Nilinunua mbao kwake, nikaondoka bila kumpa kazi.

Sikuwa mjinga kabisa. Sanduku lenye shimo hutoa sauti kubwa zaidi, lakini katika eneo dogo tu la noti. Chini ya hapo linaanguka, na noti zinaburuzana, moja haijaisha nyingine imeingia. Lililofungwa lina sauti ndogo, ila kila noti inaanza panapostahili na kuisha panapostahili. Na Baba ndiye aliyenifundisha, nikiwa mdogo, kwamba mpiga besi hajulikani kwa kugusa uzi bali kwa kuuachia. Kwa hoja hiyo lililofungwa lilishinda. Lakini mtu anayeishiwa na masikio anahitaji ukweli, au anahitaji nguvu? Kwa hoja hiyo lenye shimo lilishinda. Nikatengeneza yote mawili, moja la kila namna, nilinganishe kabla ya kujenga jozi ya mwisho. Kisha nikashuku plaiwudi ni nyembamba, nikayavunja. Nikashuku ujazo, nikaongeza lita tano. Nikashuku urefu wa bomba, nikakata jipya, nikalikata tena. Kila shaka ilikula wiki mbili au tatu.

"Umeamua?" Baba aliniuliza kila asubuhi.

"Bado."

"Mbona zote ni nzuri."

Sikumwamini. Mtu mpole husema lolote. Nikaamua kumpima.

Mama hakukubali mbao tupu zikae sebuleni kwake. Kwetu hata redio ina kitambaa chake, na mgeni akiona kitu kimekaa bila kitambaa atadhani tunahama. Akafunika masanduku yote mawili kwa kitambaa kimoja kirefu cheupe alichokifuma kwa mkono, chenye nyuzi zinazoning'inia mbele hadi sakafuni. Nilifurahi. Sasa Baba asingejua lipi linapiga. Nilikaa nyuma ya kiti chake na swichi mkononi, asione vidole vyangu, nikacheza wimbo wa bendi yake na kuhama kutoka sanduku moja hadi jingine bila mpangilio. Akipendezwa ainue kidole.

Aliinua kidole karibu kila mara kwa lile lililofungwa. Siku baada ya siku, jibu lile lile. Niliandika kwenye daftari langu kwa furaha. Mimi ninayebishana na utabiri wa mvua, mimi niliyegombana na mhubiri kwenye matanga ya mjomba wangu, sikuuliza swali hata moja kuhusu jibu lililokubaliana nami.

Jumamosi moja Mama alivua vitambaa vyote akavifua. Nikaweka kartoni mbele ya masanduku, nikaanza kama kawaida. Ilikuwa kama saa sita mchana, jua kali, taa zote zimezimwa. Wimbo ulipofika ubeti wa pili stima ikapotea. Friji ikatetemeka na kunyamaza. Mashine ya kusaga ya jirani ikashuka sauti taratibu, ikafa. Niliweza kusikia kuku wakitembea uani.

Baba, ambaye alikuwa amenipa kisogo, alikuwa bado anagonga sakafu kwa mguu. Akainua kidole.

"Hiyo!" alisema. "Hiyo ndiyo yenyewe. Besi imekaa."

Sijui kwa nini nilibonyeza swichi, labda mazoea. Aligeuza kichwa kidogo, akaona bega langu limesogea.

"Hii ya pili inavuma sana. Rudisha ile."

Nilimkuta Mama kwenye kamba ya nguo. Kile kitambaa kirefu kilikuwa kinaning'inia, upepo wa ziwani ukichezesha nyuzi zake, na hapo nikaelewa alichokuwa akikitazama wiki zote zile. Nyuzi zilitetemeka mbele ya sanduku lililokuwa likipiga. Alikuwa anasoma kitambaa.

"Mama, Baba hasikii."

"Wewe ndiyo umejua leo?"

"Tangu lini?"

"Mimi namwita chai kwa kumshika bega tangu watu wanapalilia. Kwani wewe unaishi nyumba gani?"

"Na mbona hamkuniambia?"

Alibana kibanio kwenye shuka kabla ya kunijibu. "Alikataza. Alisema, huyu akijua ataacha, na akiacha atarudi kulala mchana kutwa vile alitoka Bondo. Wacha apime. Na alijua unataka ile haina shimo. Si ulikuwa unaipigia debe hapa kila siku?"

Stima ilirudi saa tisa. Niliandika kwenye daftari la vipimo, ukurasa mpya, kwamba wakati ule hakukuwa na stima. Nikampa Baba. Alivaa miwani, akasoma polepole, akasoma tena kama anayetafuta kosa la kusahihisha.

"Miaka yote nimekamata watoto wakiiba mtihani," alisema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Leo nimekamatwa mimi." Hakucheka, na mimi sikucheka. "Toa kartoni kwa ile iko na shimo."

Nilitoa. Alivuta kiti, akaweka kiganja mbele ya bomba, akanipa ishara nianze. Niliongeza sauti hadi vikombe vikalia kabatini. Alikaa hivyo, macho ameyafumba, na nikaona vidole vya mkono wa kushoto vikijaribu kushika noti kwenye paja lake, vikikosea, vikianza upya, vikikosea.

"Kuna upepo," alisema. "Huu ni wimbo gani?"

Nikaandika kwamba ni ule waliokuwa wakifungulia dansi kila Jumamosi, ule ambao yeye anaanza peke yake. Aliusoma mstari huo, akaondoa kiganja, akakipangusa kwenye suruali kana kwamba kimelowa.

"Huo naujua. Zima."

Nilizima. Hajakaribia masanduku hayo tena, na mimi pia sijayagusa. Mama amerudishia kitambaa chake na kuweka juu yake picha ya kipaimara changu.

Kinachoniamsha usiku si hilo. Nimejaribu kutafuta siku yenyewe, siku ambayo sauti nzito zilimwisha, nijue nilikuwa nimechelewa kwa kiasi gani. Nilimuuliza Mama, akasema sauti haziagi. Nilimwandikia Baba swali hilo hilo. Alijibu kwamba kulikuwa na wiki kadhaa hivi, mwanzoni, ambapo spika ikiwa bado imelazwa kifudifudi kwenye zulia na mimi nikiijaribu kwa nyaya, alikuwa anasikia kitu, na alidhani kesho itakuwa ndani ya sanduku. Hakumbuki ni wiki ngapi.

Fundi, siku ile ya kwanza, aliniambia niache spika hapo kwake, masanduku yangekuwa tayari Alhamisi.