Shangazi Tekla Alipobandika Uji

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, shangazi yangu Mwajuma alifariki alfajiri hapahapa Bigwa. Alikuwa ameugua muda mrefu, kwa hiyo hatukushtuka sana. Wanaume wakakubaliana azikwe siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri. Ndipo bibi akauliza, "Na Tekla, nani anakwenda kumwambia?"

Tekla alikuwa rafiki wa shangazi, mkulima wa kule juu mlimani, karibu na misheni. Tangu usichana wao alikuwa akishuka na karoti na njegere kuuza mjini, na mvua ikimkamata analala kwa shangazi. Mmoja alikwenda kanisani, mwenzake akiswali, lakini Pasaka na Idi walikula pamoja. Mimi nilimwita shangazi vilevile. Kwao simu haikushika mtandao miaka ile, basi nikatumwa mimi na baba mdogo Shabani.

Njiani baba mdogo akaniambia, "Tukifika tuseme amezidiwa. Mengine atayaona mwenyewe." Nikaendelea kupanda. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza shule, na wakubwa wakishapanga, wewe utasema nini?

Tulimkuta shambani anapalilia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwajuma hajambo?"

Baba mdogo akatazama chini. "Amezidiwa kidogo, dada. Wamesema uje umwone."

Tekla akaweka jembe. Aliingia jikoni akabandika uji wa ulezi, akasema Mwajuma akiumwa hakuna kingine kinachompita kooni. Akaosha chupa ya chai ya kuubebea, akaanza kutafuta kitenge cha kuvaa. Jua lilikuwa limeshapanda, na njia ya kushuka ilikuwa na utelezi. Nikaona tutachelewa, na mama huyu atafika mlangoni na uji wake wa moto akute jeneza limeshatoka.

Nikaingia jikoni, nikachuchumaa karibu naye.

"Shangazi," nikasema, "shangazi Mwajuma amefariki. Leo alfajiri. Anazikwa alasiri."

Aliendelea kukoroga kidogo, kisha akaipua sufuria. Akakaa chini akalia. Nikakaa naye. Baadaye akauliza, "Aliteseka?" Nikamwambia kama ilivyokuwa: maumivu yalimsumbua wiki nzima, lakini mwisho alitulia, na bibi alikuwa amemshika mkono. Akajifunga khanga, tukashuka.

Tulipofika penye mteremko mdogo akamwambia baba mdogo, bila ukali, "Shabani, uliogopa kilio changu, ndiyo maana ukanidanganya. Kulia ningelia tu. Ila Mwajuma nisingemwona."

"Nisamehe, dada," baba mdogo akasema. Yakaisha hapo.

Tulifika Mwajuma ameshavikwa sanda, uso haujafunikwa. Wanawake wakampisha. Tekla akainama, akamnong'oneza jambo ambalo sikulisikia, wala sikuwahi kumuuliza. Kisha akaketi mkekani na bibi mpaka wanaume waliporudi kutoka makaburini.

Siku hizi, mwanangu, simu zinashika mpaka kule juu, na mtu anaweza kujua msiba wa rafiki yake kwa kuona picha ya marehemu imewekewa maua. Sipendi hivyo. Ukifiwa na ndugu, fikiria nani alimpenda nje ya ukoo, maana huyo ndiye husahaulika, na si ajabu ndiye anayeumia kuliko wengi wetu. Kama yuko karibu, nenda. Kama yuko mbali, tuseme Kisaki, mpigie, na kwanza uliza yuko wapi na yuko na nani, asije akaipokea habari hiyo yuko peke yake barabarani. Halafu itamke. Sema amefariki. Usiseme amezidiwa, maana unampa matumaini ambayo utamnyang'anya mwenyewe. Akilia, usimkataze. Akiuliza, mjibu unachokijua, usichokijua usikitunge. Na usiwe na haraka ya kuondoka au kukata simu.

Mungu akuwekee watu wako kwa miaka mingi. Na siku ambayo itakubidi kupeleka habari ya namna hiyo, akupe kauli iliyonyooka na moyo wa kukaa na unayempelekea. Nawe zamu yako ya kupelekewa ikifika, akuletee mtu atakayekwambia ukweli mapema, ukiwa bado una nafasi ya kuaga.