Alama ya Penseli Juu ya Mlango

Mjukuu wangu alikuwa anakosa pumzi kwenye chumba kimoja tu.

Ukimtoa nje, anacheka. Ukimrudisha ndani, kifua kinapiga filimbi. Daktari aliwapa wazazi wake dawa, akawaambia wakaikague nyumba.

Binti yangu akanipigia simu. "Baba, wewe si fundi rangi? Njoo uone huu ukuta."

Walikuwa na wiki tatu tu tangu wahamie, na mimi sikuwa nimefika kwao. Nikabeba vifaa, nikaenda mbio.

Nilipofika getini, nikasimama. Nyumba ile naijua.

Msimu wa mvua uliopita, mwenye nyumba alinionyesha chumba cha nyuma, ukuta mweusi kwa kuvu. Nikamwambia kuna bomba linavuja upande wa bafuni.

"Fundi, wapangaji wanaingia Jumatatu. Wewe piga rangi."

Nikapiga. Mara mbili, juu ya kuvu hiyo hiyo, nikaondoka napiga mluzi.

Nikaomba Mungu kiwe chumba kingine. Wapi! Kilikuwa hicho hicho.

Binti akasogeza kabati. Rangi yangu ilikuwa imevimba na kubanduka kama maganda ya kitunguu, nyuma yake weusi mtupu. Chumba kinanuka nguo mbichi zilizosahaulika kwenye ndoo. Mgongoni kwake mtoto anakohoa, macho yamemtoka.

"Mtoe nje. Sasa hivi!"

Nikavaa barakoa, nikafungua dirisha, nikalowesha ukuta kwa maji ya sabuni ili vumbi lisiruke, ndipo nikaanza kukwangua. Na mdomo nao ukawa kazini.

"Fundi uchwara gani huyu? Anafunika uozo! Watu wengine hawana hata haya!"

Nilisema kwa nguvu, wasikie hadi uani. Jicho langu halitoki mlangoni. Maana kila chumba ninachomaliza naacha alama juu ya fremu ya mlango: kiduara cha penseli chenye nukta katikati. Binti yangu anaijua tangu utotoni, alipokuwa akinishikia ngazi.

Nikavuta kiti. Nikapanda. Nikalowesha kidole kwa mate.

"Usiifute, baba."

Binti amesimama mlangoni, mgongo mtupu. Mtoto kamwachia mumewe uani.

Nikakirudisha kidole.

"Tulizungushwa nyumba nane, na hii wapangaji wa kwanza walikuwa wameshahama," akasema. "Mume wangu chumba hiki hakukitaka, kina dirisha dogo. Mimi nikaona alama yako. Nikamwambia, hapa kapita baba, tuingie bila wasiwasi."

Nilishuka. Nikakaa sakafuni palipojaa maganda ya rangi, nikalia mbele ya mwanangu.

"Fundi uchwara ni mimi, mama."

"Najua. Nilikuwa nasubiri useme."

Mtoto alihamia kwangu. Bomba likazibwa, plasta mbovu ikabomolewa, ukuta ukaachwa ukauke wiki nzima na zaidi. Rangi ilikuja mwisho kabisa. Kabati sasa liko mbali na ukuta, nguo mbichi zinaanikwa nje, dirisha linafunguliwa kila siku. Kifua cha mjukuu wangu kimetulia.

Alama bado ipo. Binti alikataa niifute.

Fundi mwenzangu unayesoma hapa, ukiona kuvu, tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Na ukiambiwa "wewe piga rangi", uliza nani atalala humo. Mimi sikuuliza.