Programu Isiyopigiwa Hodi

Fundi redio haamini programu yoyote mpaka aichomolee waya wa intaneti. Tangu asubuhi amepiga magoti mbele ya televisheni ya sebuleni, miwani imefungwa kwa uzi, na kila anapotaka kubonyeza rimoti anafuta kidole gumba kwenye shati, kisha anasonya. Mwezi uliopita intaneti ilikatika, na programu iliyokuja na televisheni ikakataa kufungua hata video za familia. Tangu siku hiyo hana amani. Ametafuta programu tatu za bure za kuonyeshea video, zile ambazo fundi yeyote anaruhusiwa kuzifungua na kuona zilivyoundwa. Mbili amekwisha kuzifuta.

"Baba, si ile ya pili ilikuwa nzuri?" anauliza binti yake, akimenya viazi nyuma yake. "Ilipendeza macho."

"Ilipendeza nini! Imeniuliza jina, imeniuliza nywila. Mimi! Nipige hodi sebuleni kwangu?"

Ya tatu haina urembo wowote, ni orodha tupu ya maandishi meupe. Anauchomoa waya polepole, anafuta kidole, anabonyeza. Marehemu mama wa binti anatokea kwenye skrini, yuko uani, anaanika mashuka, anacheka: "Hebu zima hiyo kamera, mzee wewe!"

Kisu cha binti kinasimama juu ya kiazi.

Fundi anaitazama video mpaka shuka la mwisho. "Hii inabaki," anasema, bado amekunja uso. "Kumwona mke wangu siombi ruhusa ya mtu."