Roda, Mfumbuaji wa Nanyala

Siku niliyomwona Roda mara ya kwanza, mwaka wa pili baada ya vita, alikuwa anachambua maharage uani kwake Nanyala, majirani wamemzunguka wakimtegea mafumbo. Alijibu bila kuinua uso. Alipokosa, alicheka kuliko wote.

Mimi nilimwendea nikiwa na shida. Nilikuwa nimemposa Ferista wa Vwawa, na baba yake, mzee Mbonile, alishika desturi ya zamani: mshenga hafunguliwi mlango mpaka afumbue fumbo. Baba mdogo Ambilikile, mshenga wangu, alikuwa ameshindwa. Tulibakiwa na nafasi moja, la sivyo Ferista angeozwa kwa mchumba mwingine wa Tunduma.

Kwa haya zangu nililisema fumbo nikitazama chini: binti yangu alivaa kijani, akavaa nyekundu, siku ya kuolewa akavuliwa nguo mbili, wakwe wakamtia motoni.

"Baba yako mdogo alijibuje?"

"Pilipili, mama."

"Pilipili anaimenya nani?"

Akanieleza kwamba fumbo lina uso na lina tumbo. Uso wa hili ni harusi, umewekwa ili tuukodolee macho. Ukiutupa, inabaki kazi ya mikono: kuiva, kumenywa mara mbili, kukaangwa. Kisha akauliza mzee Mbonile anapenda kunywa nini. Sikujua. Akasema basi atakwenda kunusa mwenyewe.

Jumamosi tukasimama mbele ya mlango uliofungwa. Roda hakuwa na haraka. Alivuta pumzi, akatabasamu.

"Kahawa," akasema.

Baba mdogo akainamisha kichwa. Shamba lake lote lilikuwa kahawa, ila sisi wakulima wa Mbozi siku zile tuliiuza ikiwa bado na ganda lake la ndani. Chunguni hatukuijua. Roda aliwahi kuwapikia wamisionari.

Komeo likavutwa. Mzee Mbonile akauliza tumemtoa wapi mwanamke huyu, maana fumbo lake limewarudisha wanaume wengi nyumbani na njaa. Watu wakacheka. Ferista alikuwa ndani, nami nimeganda kizingitini.

Masika ya mwaka ule homa ilimchukua Roda kabla sijafika Nanyala kumshukuru. Kwa hiyo neno lake la mwisho kwangu ni lile la pale mlangoni, aliponisukuma mgongoni taratibu:

"Ingia, baba. Huko ndani utajibu mwenyewe."